Kadi ya Elfu Tano

Kwa miaka minane Nawoi alipika chai na kufagia ofisi ya mradi wa maji pale Lodwar. Mradi ulipofungwa, Novemba mwaka wa tisini na sita, wakubwa wake wawili waliokuwa wanarudi kwao walimkabidhi bahasha na kumshika mkono. Ndani mlikuwa na kadi ngumu yenye muhuri wa duka moja kubwa la Nairobi. Mwenye kadi hii, iliandikwa, apewe bidhaa za shilingi elfu tano. Chini yake kulikuwa na tarehe: mwisho thelathini na moja Desemba.

Nawoi hakuwahi kufika Nairobi. Aliifunga kadi kwenye pembe ya leso na kuendelea kutafuta kazi. Mshahara wa mwisho ulikwisha kwa kodi ya nyumba na unga.

Jumatatu tarehe tisa Desemba, dereva wa lori alimletea ujumbe wa mdogo wake, Ekai, aliyekuwa akichunga mbuzi wa mama yao huko Lopur, karibu na Kakuma. Loukoi imeingia, Ekai alisema. Ni ule ugonjwa wa mapafu. Saba wamekufa, arobaini na mmoja wamebaki, na wengi wanakohoa. Alete dawa.

Nawoi alikwenda duka la dawa za mifugo. Chupa moja ilikuwa shilingi mia nne na hamsini, na ilitosha mbuzi wanane au tisa. Alihitaji chupa tano. Kwenye leso alikuwa na shilingi mia tatu, pamoja na ile kadi.

Aliipeleka kwa Lokaale, karani wa zamani wa mradi, ambaye angekwenda Nairobi kwa Krismasi.

"Nitakupa elfu mbili na mia tano," Lokaale alisema baada ya kuisoma mbele na nyuma.

"Imeandikwa elfu tano."

"Imeandikwa, mama. Lakini hiyo ni elfu tano ya sabuni na mablanketi, na iko Nairobi. Nikifika wakasema hawaitambui, nani atanirudishia? Nikinunua kitu cha elfu nne, hawanipi chenji. Ningekuwa na shida ya mablanketi ningekupa zaidi. Mimi sina."

Nawoi aliona kama amechapwa kofi. Miaka minane, na nusu yake ichukuliwe na mtu ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimpikia chai. Akakunja leso yake. "Nitatafuta mwingine," akasema.

Alikuwa amesikia kwamba kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuna wafanyabiashara wanaonunua karatasi za kila aina. Kesho yake akatoa mia na hamsini kati ya zile mia tatu, akapanda lori lililobeba samaki wakavu wa Kalokol.

Sokoni kambini walimwelekeza kwa Nyaruach, mwanamke wa Kinuer kutoka Sudan aliyekuwa na kibanda cha nguo na sukari. Alikuwa mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, kisichojali kosa. Aliishika kadi kwa vidole viwili.

"Hii najua. Nimenunua nne mwaka huu, watu wa mashirika wanapewa. Mimi natoa elfu mbili na mia mbili."

"Lodwar walinipa mbili na nusu."

"Kwa nini wewe haukuchukua?"

Nawoi alinyoosha mkono kuichukua kadi.

"Sikia, dada," Nyaruach alisema. "Mimi Nairobi siendi, sina kibali cha kutoka kambini. Kadi naipa dereva wa basi, dereva anapeleka kwa ndugu yangu, huyo anauzia mtu elfu tatu na nusu, na huyo mtu ndiye anaingia dukani. Kila mkono unakula kidogo. Na kadi yako iko na siku ishirini tu. Ingekuwa na mwaka mzima, ningeongeza."

"Hakuna mtu wa kutoa zaidi?"

Nyaruach angeweza kunyamaza, lakini alisema kweli. "Mtu anayekwenda mwenyewe. Mwalimu Thon wa shule ya msingi amepata kibali, Ijumaa anaondoka. Muulize. Lakini mimi, kama ningekuwa na mbuzi wagonjwa, nisingengoja."

Mwalimu Thon alikuwa Mdinka mpole, na alifurahi kuiona kadi. Alitaka kuwanunulia dada zake viatu. "Nitakupa elfu tatu na mia tano," alisema. "Posho yetu inatoka Alhamisi. Njoo Alhamisi jioni."

Elfu tatu na mia tano. Nawoi alipiga hesabu njiani akielekea Kakuma mjini, ambako binamu yake alimpa mahali pa kulala. Chupa tano pale mjini ni elfu mbili na mia tano, maana huku zilikuwa mia tano kila moja. Angebaki na elfu moja. Siku mbili si nyingi.

Jumatano mchana Ekai, aliyesikia kwamba dada yake yuko kwa binamu, alifika kwa miguu, midomo imepasuka kwa vumbi.

"Ejok, dada," alisalimu. "Dawa iko wapi?"

"Kesho jioni."

"Watano wamekufa jana. Leo asubuhi watatu. Wanasimama wametanua miguu ya mbele, shingo wamenyoosha, hewa haiingii." Alimtazama. "Huna pesa?"

Akamweleza habari ya kadi, na ya Lokaale, na ya mwalimu. Ekai alisikiliza mpaka mwisho.

"Iuze kwa huyo mama wa kambini," akasema. "Leo."

"Ni elfu moja na mia tatu zaidi, Ekai. Ni kesho tu."

Ekai alikunywa maji, akarudi Lopur bila kukaa. Nawoi alitaka kumwita. Alifika mpaka kwenye ua wa miiba, akasimama pale, mkono umeshika fundo la leso, halafu akarudi ndani. Usiku huo hakula.

Alhamisi jioni alimkuta mwalimu Thon ameketi kitandani, barua iko gotini. Hakungoja kuulizwa.

"Kibali kimesogezwa," alisema. "Wanasema Januari. Kadi yako itakuwa imekufa, mama. Nisamehe."

Nawoi hakuweza kumkasirikia, na hilo lilimwumiza zaidi. Ijumaa alfajiri alikuwa mlangoni kwa Nyaruach kabla hajafungua kibanda.

"Elfu moja na mia saba," Nyaruach alisema.

"Dada. Jumanne ulisema mbili na mia mbili."

"Jumanne basi lilikuwa linaondoka. Lingine ni Jumanne inayokuja. Likifika, Krismasi ndiyo hiyo, ndugu yangu akimkosa mnunuzi nabaki na karatasi. Kama haitoshi, peleka mahali pengine. Sitakasirika."

Kurudi Lodwar kwa Lokaale kungekula siku nyingine nzima. Nawoi aliifungua leso. Nyaruach alimhesabia noti polepole, kisha akamwongezea kilo moja ya sukari.

Alinunua chupa tatu na bomba la sindano, akatembea mpaka Lopur na jua kichwani. Alipofika, Ekai alikuwa akiburuta mzoga kuelekea kwenye moto. Walikuwa wamebaki mbuzi ishirini na wanne. Dawa ilitosha. Ingepungua, kama wale wengine wangekuwa hai.

Waliwachoma sindano mmoja baada ya mwingine, Ekai akishika pembe, Nawoi akibonyeza. Wengine hawakupiga hata kelele. Kwa wiki iliyofuata wakafa sita zaidi, halafu kikohozi kikakatika. Kumi na wanane wakabaki wamesimama.

Jioni moja Nawoi alimwambia mama yake yote, tangu bei ya Lokaale mpaka ile ya mwisho. Alitaka kulaumiwa. Mama alikuwa akimkamua mbuzi mmoja aliyebaki na maziwa, na kibuyu hakikupata hata robo.

"Kabla ugonjwa haujajulikana," mama alisema, "mnunuzi alikuja hapa kutoka Kakuma. Alitaka mbuzi ishirini, mia tatu kila mmoja. Nikamwambia mbuzi wangu ni wa mia sita. Nikamfukuza."

"Hukuniambia."

"Sikumwambia hata Ekai."

Akamaliza kukamua, akampa Nawoi kibuyu anywe kwanza.