Hidrojeni ya Mama Mkwe, Dizeli ya Baba Mkwe

Nilipooa nilijua kabisa kwamba naoa binti wa wasomi wawili. Nisichokijua ni kwamba najiingiza katikati ya ubishi uliomtangulia mke wangu kuzaliwa.

Mama mkwe ni mhandisi, na kazi yake ni hidrojeni. Anayapasua maji kwa umeme wa jua, anaikusanya gesi, anaishindilia kwenye mitungi minene inayofungwa juu ya paa la basi. Ndani ya basi gesi ile inakutana na hewa kwenye mtambo wa seli, unapatikana umeme wa kuzungusha magurudumu, na kwenye bomba la nyuma yanadondoka maji tu. Baba mkwe ni mkemia. Yeye anachukua hidrojeni hiyohiyo, anaiunganisha na hewa ya ukaa iliyonaswa kwenye dohani la kiwanda cha saruji, na mwisho wake anapata dizeli. Haijachimbwa popote. Ukiimimina kwenye lori kuukuu, lori halitambui tofauti.

Wanakaa nyumba moja na kula meza moja, na hapo mezani ndipo mambo yanapochemka.

"Huyu mzee nampa gesi safi," mama mkwe husema huku akinipakulia, "halafu anaipikapika mpaka umeme wangu mwingi unapotelea njiani. Mimi kwa umeme uleule nafika mbali kuliko yeye."

"Na mwenzangu," baba mkwe hujibu bila kuinua macho, "anatengeneza kitu ambacho huwezi hata kukibeba kwenye dumu."

Wakinigeukia, nami naongeza tonge. Mdomo uliojaa hauulizwi maswali.

Mimi ni dereva wa mabasi. Kampuni yetu ilipotaka kuachana na magari ya zamani, iliwaita wote wawili walete magari yao yapande barabara ya mlimani mpaka mji wa juu, wakubwa waone. Nikapewa basi la hidrojeni, mama mkwe akakaa kiti cha mbele, kushoto kwangu. Nyuma yetu lilikuja lori la baba mkwe, limesheheni madumu ya dizeli yake, kwa sababu mafundi wa barabara kule juu walikuwa na katapila lililosimama kwa kukosa mafuta.

Nimeendesha barabara ile miaka mingi, nikiliungurumisha gari mpaka abiria wanaziba masikio. Siku hiyo basi lilipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Nilisikia matone ya mvua juu ya kioo, na nilimsikia mama mkwe akipumua kila tukikata kona.

"Unaogopa, mama?" nikamuuliza.

"Sikiogopi chombo changu. Nakuogopa wewe, mwanangu. Tazama mbele."

Tulikuwa tumeanza kuona mapaa ya mji tuliposikia mvumo nyuma yetu. Kilima kilikuwa kimeporomoka. Nilipotazama kwenye kioo cha pembeni, barabara tuliyotoka kuipita haikuwepo. Palikuwa na tope, mawe na miti iliyolala.

Mama mkwe alikuwa ameshatoa simu. Alikosea kubonyeza, akarudia.

"Uko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya udongo," baba mkwe akajibu. "Mzima, ila viatu vimeharibika."

Mama mkwe akajifuta uso kwa kitambaa. "Nilikwambia uvae buti," akasema, akakata simu.

Tulipofika mjini, nesi alikuja akikimbia katikati ya barabara. Ukuta ulikuwa umemwangukia muuza mboga mmoja, mguu umepondeka, yuko mezani kwenye hospitali ndogo ya pale. Nguzo za umeme zimekwenda na maporomoko na jenereta limefukiwa na tope. Daktari alikuwa ameanza kumpasua kwa mwanga wa dirisha.

Mama mkwe hakuuliza mara mbili. "Lipeleke ukutani kabisa," akaniambia.

Nikalirudisha basi nyuma mpaka likakaribia kugusa dirisha la chumba cha upasuaji. Akafungua kifuniko cha ubavuni, akavuta nyaya, akawa anampa fundi umeme wa hospitali maelekezo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesuka nywele huku akizungumza. Taa zikawaka. Mashine ya kunyonya damu ikaanza kuvuma. Jenereta lingejaza moshi dirishani pale. Basi letu lilidondosha maji tu kwenye majani.

Nilisimama nikilitazama. Nilikuwa nimelichukulia kuwa gari la kubebea watu. Sasa lilikuwa limebeba chumba kizima na daktari wake na mgonjwa wake, na halikutoa hata mkoromo.

Lakini mshale wa gesi ulikuwa unashuka, na kituo cha kujazia kilikuwa chini ya mlima.

"Itatosha upasuaji," mama mkwe akasema. "Ila mgonjwa lazima ashushwe hospitali kubwa, na ambulansi haina mabawa. Barabara ikibaki hivi, sina la kufanya. Siwezi kuletewa gesi mgongoni."

Alimpigia mumewe. Safari hii hakukuwa na utani. "Mzee, katapila liko upande wangu, limekauka. Unaweza kunifikishia mafuta yako?"

"Nilidhani hutaniomba kamwe," akajibu.

Nilikwenda na mafundi wa barabara mpaka ukingoni mwa maporomoko. Ng'ambo walikuwepo abiria waliokwama, wachuuzi, madereva, wote wamejipanga juu ya magogo na mawe, wakipasiana madumu mkono kwa mkono. Na katikati ya tope, suruali imekunjwa magotini, alikuwa mkemia mwenyewe na dumu begani. Alipofika kwangu alilitua, akahema, akacheka.

"Mwambie mama mkwe wako," akasema, "hiki ndicho kitu kinachobebeka."

Katapila lilikuwa zee, rangi imebanduka. Tulilimiminia dizeli ile, angavu kama maji, isiyo na ile harufu nzito niliyoizoea. Dereva wake akavuta pumzi, akaliwasha. Likakohoa, likanyamaza, akalijaribu tena, likanguruma. Sijawahi kufurahia kelele za injini kama siku hiyo. Likaanza kuusukuma mlima pembeni.

Jioni haijaingia, njia moja ilikuwa wazi. Muuza mboga alipitishwa kwenye ambulansi, amelala, mguu umefungwa vizuri. Baadaye tulisikia kwamba anatembea, kwa kuchechemea kidogo, na kwamba ukimuuliza anasema alipasuliwa kwa basi.

Sisi tulishuka nyuma ya ambulansi. Kwenye mteremko basi halikuhitaji gesi; kila nilipokanyaga breki lilijirudishia umeme. Tulipofika tambarare, karibu kabisa na geti la kampuni, likaishiwa. Lori la baba mkwe likatufunga kamba. Mama mkwe alishuka bila kunitazama, akaenda kupanda kwenye lori kando ya mumewe. Kutoka nyuma ya usukani wangu niliwaona kupitia kioo: kichwa chake kilikuwa begani kwa mzee, na bado mkono mmoja ulikuwa unapunga hewani akibisha jambo.

Kampuni iliwapa kazi wote wawili. Mabasi yanayozunguka mjini na kurudi kituoni kila siku yanatumia hidrojeni. Malori yanayokwenda kusiko na kituo, na mitambo ya barabara, yanatumia dizeli ya baba mkwe. Wakubwa walitaka kuandika kwamba ni uamuzi wa muda. Mama mkwe aliwaambia waandike hivyo, kwa sababu hajamaliza na yule mzee.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kula kwao. Nilikaa mahali pangu, na kabla sijanawa mikono nikasikia wameanza tena, safari hii kuhusu meli.