Mlio Usiotikisa Chuma

Kwa maneno ya fundi cherehani wa jirani, nyoka aliingia kwenye gari la mkunga mchana kweupe. Yeye alikuwa kibarazani akipinda suruali ya mtu, akasikia sssss, akainua macho, na hapo mkia ukapotelea chini ya boneti. Futi nne na nusu. "Macho yangu ni tepu," alimwambia kila aliyepita. Alipoulizwa kwa nini basi walimkuta amesimama juu ya meza ya kukatia nguo, alijibu kwamba nyoka hupimwa vizuri kutoka juu.

Kwa hiyo gari lilipoingia karakana ya mlango wa pili, hakuna aliyelisogelea ila fundi makanika na binti yake.

Binti huyo baba yake alimwita Kinyonga, kwa jinsi alivyotazama vitu taratibu, kimoja kikiisha ndipo kingine. Tangu amalize darasa la saba alikuwa hapo akifagia, akipanga spana kwa ukubwa wake, akitazama. Mchana ule bati lilikuwa limechoka kwa joto. Jua lilipenya kwenye matundu ya misumari likadondosha vidoa vya mwanga juu ya injini iliyokuwa ikinguruma, na ndani ya ngurumo hiyo ulikuwamo ule mlio: mwembamba, mrefu, kama mama anayembembeleza mtoto chumba cha pili, sshhh, sshhh, na mtoto halali. Kinyonga angeweza kuusikiliza mpaka miguu isahau imesimama wapi.

"Mara ya tatu hii, Fundi," mkunga alisema, mkoba bado begani. "Mara ya kwanza umebadilisha mkanda. Mara ya pili mfuniko wa rejeta. Sasa na breki zimekuwa ngumu, nakanyaga kama nakanyaga jiwe. Leo lisiponyamaza nalipeleka kwingine, na wakiniuliza kwa nini nimekuhama, nitawaambia."

Baba aliweka kiganja ubavuni mwa gari, akafumba macho. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Chuma kilimsimulia kupitia mkono. "Mbona linanguruma vizuri tu?" akasema. "Mkono wangu haujawahi kunidanganya."

Na kweli haukumdanganya. Ila mlio ule haukutikisa chuma.

Kinyonga alikuwa amejua tangu mvua zilizopita, siku birika lilipopiga mluzi na baba ameketi hatua mbili tu kutoka jikoni, akichokonoa meno, mpaka maji yakakauka. Sauti nzito alizipata. Zile nyembamba zilikuwa zimemhama moja moja, bila kuaga. Binti hakumwambia mtu. Fundi asiyesikia injini, nani atamwachia gari? Mkunga akitoka pale na neno hilo mdomoni, kufikia kesho kutwa karakana itakuwa banda la kuku.

"Mama, hebu kapumzike kivulini," akamwambia mkunga. "Fundi cherehani atakuhadithia habari za nyoka."

"Nimeshahadithiwa mara nne, mwanangu."

"Ya tano ina mkia mrefu zaidi."

Mkunga akacheka bila kupenda, akaenda.

Kinyonga akakaza kitambaa cha kichwa kisije kikanaswa na feni. Akachukua kipande cha mpira wa kumwagilia maua, ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaipitisha juu ya injini polepole, kama mtu anayetafuta aliyelala katika nyumba yenye giza. Kwenye rejeta, upepo wa feni tu. Kwenye mkanda, hakuna kitu. Aliposogea nyuma, karibu na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, mlio ukajaa sikio zima. Kwa muda hapakuwa tena na karakana wala bati. Ilikuwa kama ameegemea kifua cha kitu kikubwa kinachovuta hewa usingizini.

Kinavuta. Hakipulizi, kinavuta! Akachovya vidole kwenye maji ya sabuni, akayadondosha juu ya mpira mnene unaopeleka mvuto wa injini kwenye breki. Povu likanywewa. Mlio ukakatika, kisha ukarudi.

Angeweza kupiga kelele kwamba ameupata, lakini fundi cherehani alikuwa karibu, masikio wima. Badala yake akamshika baba mkono, kama baba alivyokuwa akimshika yeye wakivuka barabara, akakipeleka kidole chake chini ya mpira, penye mkunjo, pasipofika jicho.

Kidole kikafyonzwa.

Baba akafumbua macho. Chini ya kiganja chake cha pili, injini nzima ikatulia kama mgonjwa aliyewekewa mto. Akakiondoa kidole, kikarudi kitetemo kidogo ambacho siku zote alidhani ni uzee wa gari. Akaziba tena. Akaachia. Akaziba.

"Tangu lini?" akauliza kwa sauti ya chini. Hakuwa akiuliza habari za mpira.

"Tangu siku ya birika."

Baba akazima injini, akaukata mpira penye ufa, kipande cha upana wa vidole viwili, akaurudishia na kuubana kwa klipu mpya, kila spana ikifika mkononi kabla hajaiomba. Alipowasha, injini ilinguruma peke yake. Mkunga akakanyaga breki, zikashuka laini. "Ee, sasa!" akasema, akaondoka kwenda kwa wajawazito wake wanaomngoja.

"Na nyoka je?" fundi cherehani akachungulia mlangoni.

"Huyu hapa," baba akamtupia kile kipande cha mpira chenye ufa.

"Amesinyaa, maskini. Ni hofu. Aliniona mimi juu ya meza."

Alipokwisha kwenda zake akicheka, Kinyonga akasimama mbele ya baba, uso kwa uso, akasema taratibu ili midomo yote ionekane:

"Baba, kesho gari likija, niache nisikilize mimi kwanza, kabla hujafungua kitu. Tena mbele ya watu, waone."

Baba aliitazama midomo yake mpaka neno la mwisho. Kisha akaokota kitambaa, akaanza kuifuta spana iliyokwisha kuwa safi.