Mdhamini wa Wageni

Kwa wiki mbili sasa, kila asubuhi Mama Povu alianza na gari la Afisa Leseni. Alilimwagia maji kutoka juu kushuka chini, kama anayeogesha mtoto, kisha akalisugua mpaka likang'aa, jeusi tii. Afisa hakuwa akilipa, naye hakuwa akidai. Uwanja ni wa halmashauri, na pampu yake Mama Povu ya kuoshea magari ilinguruma pale kwa hisani ya Afisa tu.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye tairi la mwisho, mkono wa mtu ukaizima pampu.

"Acha kwanza, mama," alisema Afisa.

Nyuma yake walisimama mgambo wawili, na nyuma ya mgambo watu walionunua magari. Shemeji wa Mama Povu alikuwa mbele yao: mdogo wa marehemu mumewe, seremala aliyeuza randa na misumeno yote apate gari la kubebea abiria. Injini ilikufa kabla hajafika nyumbani.

Uwanja ulikuwa mtupu. Wauzaji waliotoka mbali na kutandaza magari yao hapo wiki mbili walikuwa wameng'oa mahema alfajiri. Yalibaki madoa ya oili.

"Sheria ndogo iko wazi," Afisa alisema. "Muuzaji wa nje lazima awe na mdhamini mkazi. Akitoweka, mdhamini anajibu. Na mdhamini ni wewe."

"Si wewe uliyeniita? Ulisema weka dole gumba tu, mama, wageni wasikwame."

"Nilikushika mkono?"

"Kadhamini uwanja mzima wa magari," mtu alidakia, "na mwenyewe hana hata baiskeli!"

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka.

"Shemeji, mimi nilinunua kwa uso wako. Nilikuuliza, ukaniambia yamekaguliwa."

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Yalikaguliwa na nani?"

Mama Povu alikitazama kitambaa chake. Hakuna boneti iliyofunguliwa, alijua. Alikuwepo. Lakini pampu ndiyo kodi ya chumba, ndiyo sufuria jikoni, na mdomo uliofumbwa haufukuzwi uwanjani.

Mgambo wakainyanyua pampu, bado inachuruzika, wakaitupa kwenye buti la gari jeusi, juu ya zulia alilolipangusa yeye mwenyewe muda mfupi uliopita.

"Utaipata ukishawalipa hawa," Afisa alisema, akitafuta funguo mfukoni. "Haya, malizia hilo tairi. Bado lina tope."

Mama Povu akachutama. Mkono ukaenda wenyewe, kwa mazoea, ukazunguka tairi, ukarudi. Tope likatoka. Kisha akainuka, magoti yakilia, akaweka kiganja chenye povu juu ya boneti.

"Shemeji," alisema, kwa sauti iliyomshtua mwenyewe, "umeniuliza nani aliyakagua. Hakuna. Siku wageni walipofika, Afisa alikuja hapa kwa miguu. Jioni akaondoka na hili, mojawapo ya magari yao. Kibali chao ndicho hiki, na mimi ndiye ninayekiosha."