Lami Isiyoshika Kokoto

Merv Tranter alipiga goti katikati ya njia ya ndege, akapenyeza ncha ya bisibisi chini ya lami na kubandua kipande cha ukubwa wa kiganja. Akakikunja taratibu. Kikavunjika kama biskuti. Ndani kilikuwa kimepauka, na kokoto zilimdondokea mapajani zenyewe. Alibandua kingine mbele zaidi, nacho kikavunjika.

Lami hiyo aliimwaga yeye na wenzake wa halmashauri, enzi hizo ikinyumbulika na kung'ang'ania kila jiwe. Jua la magharibi mwa Queensland, Australia, na hewa viliikausha mafuta mwaka baada ya mwaka, ikakakamaa, ikaacha kushika. Sasa pangaboi la ndege lingeweza kuzirusha kokoto kama risasi. Ilibidi njia ifungwe. Na lami mpya haimwagwi Juni, kwa kuwa kwenye baridi haigandi vizuri na mawe. Wangengoja joto la Novemba.

Daktari alikuwa amemwambia asitarajie mkewe avuke Septemba.

Merv alingoja moyo umuume. Haukumuuma. Alihisi ganzi tu, kama mtu aliyelalia mkono wake. Aliwaarifu ofisini kwa redio, wakakubali ndege ya daktari itue mara moja ya mwisho, naye akaanza kufagia.

Mkewe, Lorna, alikuwa garini, blanketi magotini, akisubiri kupelekwa pwani kuwekewa dawa.

"We mzee! Unafagia au unazitongoza hizo kokoto?"

"Nafagia."

"Basi fagia kama mtu aliyekula!"

Ndege ilipotua, rubani Shauna alimvuta Merv kando.

"Nimeambiwa hii ndiyo ya mwisho. Mama anajua?"

Merv akatazama viatu vyake.

"Na kumrudisha kwa gari, Mzee Merv?"

"Ni safari ya kutwa nzima. Hawezi kukaa hata saa moja."

Walimbeba Lorna pamoja, naye akalalamika kwamba wanamshika kama gunia la viazi. Mlangoni alimkamata mumewe kola.

"Ijumaa usichelewe kunipokea. Mara ile ulinisahau hapa kama mzigo wa posta."

"Sichelewi, mama."

"Na ule mboga. Si nyama ya kopo kila siku."

"Nitakula."

Alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akamwachia kola. Ndege ikaondoka, kokoto zikigonga bati la kibanda.

Merv akatoa garini turubai mbili nyeupe, ndefu na nyembamba. Zikitandazwa msalaba, rubani yeyote hujua hapatuliwi. Alitandaza ya kwanza na kuipigilia misumari pembeni. Alikuwa ameikumbatia ya pili aliposikia mlio ukirudi. Shauna alikuwa akizunguka chini chini juu ya nyumba yao, ile ya paa jekundu, ili Lorna aione.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo kitu kilimchoma kifuani. Merv akaibana turubai kwapani, akainua mkono ulio huru. Kutoka juu ungeonekana mstari mmoja mweupe tu, na mtu kando yake. Alipunga mpaka mlio ukaisha, akaendelea kupunga.