Staringi Hafi

Mume wangu Muli akiona kitu cha bei nafuu, akili humruka. Nilimtuma mjini alete sinema mpya za ngumi kwa ajili ya banda letu la video hapa Satellite, akarudi na katoni aliyoinunua Loresho kwa mama mzungu aliyekuwa anahama. Ndani mlikuwa na sinema za mwaka mmoja tu, 2005, kutoka nchi ambazo hata kwenye Kombe la Dunia hatuzioni. Nikazijaribu. Katika moja, watu wawili wanamenya viazi mpaka mvua inakatika. Katika nyingine, mbuzi anaugua, kisha anapona. Nilikasirika mpaka nikacheka.

Tatizo ni kwamba mwenye nyumba, Mzee Karanja, alikuwa ameshatuonya: Jumamosi akikuta benchi zimebaki tupu tena, hapa anaweka mashine ya kusaga unga. Na hilo banda ndilo maisha ya Muli. Yeye hufasiri sinema papo hapo kwa maiki, akimpa kila mtu sauti yake. Bila hiyo maiki, sijui ningeishi vipi na ule mdomo nyumbani.

Jumamosi watu wakaja, maana Muli alikuwa amewaahidi kitu kipya. Mzee Karanja naye akaja na futi kamba yake, akaketi karibu na mlango. Nasema mlango, lakini ni gunia. Mlango wenyewe alikuwa akituahidi tangu tulipopanga.

Muli akachagua sinema ya mzee anayebeba mlango mgongoni, kwenye theluji, akimpelekea binti yake aliyejenga ng'ambo ya mlima. Lugha yenyewe hakuna aliyeijua, Muli akiwemo.

"Oneni staringi wetu!" akanguruma. "Anasema, 'Msichana wangu hawezi lala kwa nyumba haina mlango na mimi babake niko hai!'" Watu wakapiga makofi.

Basi katikati ya sinema, mzee akaketi chini ya mti, akafa.

Banda likachafuka. Kila mtu Satellite anajua staringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, lakini hafi.

"Wacha zako, Muli!" Odhiambo, fundi wa viatu, akafoka akiwa amesimama. "Staringi amededi aje na movie bado inaendelea?"

Wengine wakaanza kutoka. Mzee Karanja akafungua futi yake, akaanza kupima ukuta. Muli alikuwa ameshika maiki tu, kimya, na huyo mtu sijawahi kumwona akikosa neno. Roho iliniuma.

"Kaeni chini!" nikapiga kelele kutoka nyuma. "Nani amewaambia huyo mzee ndio staringi? Staringi ni mlango!"

Kwenye skrini, mwuza maziwa alishuka kutoka kwa mkokoteni wake, akaupangusa mlango theluji, akaupakia.

"Si mke wangu Syokau amewaambia?" Muli akadaka. "Mlango haufi!"

Odhiambo akaketi. Kuanzia hapo tuliushangilia mlango ukivuka mto, ukilaliwa na askari, ukinyeshewa. Binti alipoufunga mara ya kwanza, kisha akauegemea akilia, banda zima lilisimama. Mzee Karanja, ambaye binti yake aliolewa mbali, alikuwa akijipangusa macho, futi kamba imemning'inia shingoni.

Jumatatu nikasikia watoto wakipiga mayowe barabarani. "Staringi! Staringi anakuja!"

Nikachungulia kando ya gunia. Alikuwa Mzee Karanja, jasho likimtiririka, mlango mpya mgongoni.