Mwalimu Hataki Kulipiwa

Watu walimwita Baridi, na si kwa sababu ya tabia yake. Alikuwa fundi wa friji, na muuza nyama mmoja ndiye aliyeanza kumtania kwa jina hilo. Likamganda hata mkewe akalizoea. Kwa tabia alikuwa mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kulia, na mwepesi kupita kiasi wa kuahidi.

Mwaka ule alipata kazi ya kufunga vyumba vya baridi kwenye ghala la dawa. Ilimchukua miezi mitano, na alipoimaliza mfuko wake ulikuwa umenona kwa mara ya kwanza tangu aoe. Jioni ileile alimwambia mkewe kwamba safari hii likizo ya watoto haitaishia sebuleni mbele ya televisheni. Wangekwenda ziwani, wapange nyumba wiki nzima, waamke wakitazama maji.

"Sisi wanne?" mkewe akauliza. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na nyumbani aliitwa Mama Pacha kwa ajili ya mabinti wao wawili wa miaka tisa.

"Sisi sita. Na Dada na Mwalimu. Nawalipia kila kitu."

Mama Pacha akacheka. "Nilijua tu. Wewe hata siku ukiitwa mbinguni utauliza kama kuna nafasi ya Dada."

Hakukosea. Wazazi wa Baridi na Dada walipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja na dada yake ana ishirini na mbili, ameolewa miezi minne tu. Mtoto akaingia nyumba ya maharusi akiwa na begi la shule na kikohozi kisichoisha. Bwana harusi, mwalimu kijana wa hesabu, alitoka nje, akarudi baada ya saa moja na godoro begani. Godoro lile likawekwa chini ya dirisha la sebule, na Baridi akalilalia miaka tisa. Juu yake ndipo alipofundishwa kugawanya sehemu, akilia, huku Mwalimu akimchorea mkate kwenye daftari na kuukata vipande. Hadi leo hakujua amwite shemeji au baba, kwa hiyo alimwita Mwalimu, kama mtaa mzima ulivyomwita.

Jumapili iliyofuata wakaenda wote kwa Dada. Baridi hakungoja hata chai imiminwe. Alieleza habari za ziwa, nyumba yenye baraza, samaki wa kuchoma, upepo. Uso wa Dada ukachanua kama wa msichana.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Asante."

"Mwalimu, hutoi hata senti. Usafiri wangu, nyumba yangu, chakula changu. Wewe uje na mswaki tu."

"Ndiyo maana nasema hapana. Tangu nizaliwe sijalipiwa safari, na sitaanza nikiwa na miaka sitini na nane."

"Kwani mimi ni mtu baki?"

"Nimesema asante, shemeji."

Baridi alihisi kama amefungiwa mlango usoni. Akajaribu njia nyingine. "Basi aje Dada peke yake. Apumzike."

"Na yeye atabaki na nani?" Dada akadakia, kisha akajiuma ulimi. "Namaanisha, nani atampikia?"

Mwalimu akageuza kikombe chake taratibu juu ya kisahani. Hakuna aliyetaja tena ziwa. Baridi alipofika nyumbani ndipo akapasuka.

"Ananiona mtoto bado! Siku zote yeye ndiye wa kutoa, mimi ni wa kupokea tu."

"Nawe ulivyomwambia," Mama Pacha akasema, "ni kama unagawa nguo za msaada. 'Uje na mswaki tu.' Mtu mzima yule! Mwache apoe, halafu urudi ukaseme vizuri."

Zikapita wiki mbili bila kutembeleana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha Dada akapiga simu: friji yake haigandishi, maziwa yameharibika mara mbili. Alhamisi mchana Baridi akachukua mkoba wa zana akaenda, akijiambia kwamba ameitwa kama fundi na atafanya kazi kama fundi.

Dada alikuwa ametoka kwenda duka la dawa. Mwalimu alimfungulia mlango, akampa mkono wa salamu, akasema, "Friji unaijua ilipo," akaingia zake chumbani. Baridi akaivuta friji kutoka ukutani. Kulikuwa na stuli ya njano inayomzuia. Akaitoa na kuiweka kwenye korido, akapiga magoti nyuma ya mashine na brashi yake. Vumbi lilikuwa limejaa kama manyoya, na mpira wa mlango umelegea upande mmoja. Kazi ya nusu saa.

Akasikia mlango wa chumba ukifunguka na hatua za Mwalimu zikija, za haraka na zenye uhakika, kama za mtu anayewahi kipindi. Kisha ukasikika mshindo, glasi ikapasuka, na sauti nzito ikafoka:

"Nani kaweka kitu hapa!"

Baridi akatoka mbio. Mwalimu alikuwa chini, ameegemea kiwiko. Stuli ya njano ilikuwa imelala ubavu, na jua la saa nane lilikuwa limejaa korido nzima. Hata mtoto angeiona.

"Samahani, Mwalimu, ni mimi. Shika mkono." Akamnyooshea mkono karibu kabisa na uso, upande wa kushoto. Mwalimu hakuushika. Kiganja chake kilikuwa kikipapasa sakafuni, kikielekea kwenye vipande vya glasi.

"Usiguse!" Baridi akaukamata mkono ule na kuuinua. Kidole kimoja tayari kilikuwa kinavuja damu. Akakaa chini palepale, goti kwa goti, bado ameushika.

"Tangu lini?" akauliza.

Mwalimu akauacha mkono wake mkononi mwa Baridi.

"Jicho la kushoto limekwisha, mwaka wa tatu huu. La kulia linafuata. Presha ya macho. Naona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo: kilicho mbele kabisa nakiona, pembeni na chini ni giza."

"Nani anajua?"

"Dada yako. Na sasa wewe."

"Na hospitali?"

"Nimeacha kwenda. Foleni ile imejaa wanafunzi wangu wa zamani." Akatabasamu kidogo, tabasamu la uchungu. "Hapa ndani sihitaji macho, shemeji. Kitandani hadi mlangoni hatua sita, mlangoni hadi meza ya chakula kumi na moja. Dada yako hasogezi hata kijiko. Huko ziwani je? Nitakuwa mzee wa kuongozwa chooni, mbele ya watoto wanaoniona mtu wa maana."

"Kwa hiyo haikuwa habari ya kulipiwa."

"Hiyo ndiyo sababu iliyokuwa karibu na mdomo."

Baridi alikumbuka jinsi alivyonuna wiki mbili, akaona haya hadi masikio yakamwaka. Akamfunga kidole kwa kitambaa safi, akazoa glasi, akarudisha stuli mahali pake kabisa.

"Usimwambie mtu," Mwalimu akasema.

"Mama Pacha atanisoma usoni kabla sijavua viatu."

"Basi yeye tu. Watoto hapana."

Dada aliporudi alikiona kitambaa kidoleni, akaona sakafu imepigwa deki, kisha akamtazama mdogo wake. Wakajitia hamnazo wote watatu. Lakini alipomsindikiza Baridi getini alimshika mkono kwa nguvu, na machozi yakamtoka bila sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Jumamosi Baridi alifunga safari peke yake. Alipanda basi alfajiri, akafika ziwani saa nne, akamkuta mtunzaji wa nyumba aliyokusudia kuipanga akifagia baraza. Akatoa karatasi na kalamu, akaanza kutembea kutoka chumba hadi chumba akihesabu kwa sauti. Kisha akarudia yote akiwa amefumba macho. Kwenye chumba cha chini aligonga ukingo wa kitanda kwa mfupa wa mguu akarukaruka akitukana.

"Mzee, unatafuta nini?" mtunza nyumba akauliza, ameshikilia ufagio kama silaha.

"Natafuta mahali ambapo mtu anaweza kujikwaa."

"Umeshapata," yule bwana akasema, akamletea maji.

Alipoelezwa, alifanya zaidi ya alivyoombwa. Aliondoa meza ya kioo, akakunja zulia la korido, na mwenyewe akapendekeza wafunge kamba kutoka nguzo ya baraza hadi kwenye maji, juu ya vigingi, kwa usawa wa kiuno. "Tutasema ni ya kuanikia nguo," akasema.

Jumapili Baridi alikaa kando ya Mwalimu na kufungua karatasi yake. Hakubembeleza. Alisoma tu, polepole, kama mtoto anayesomea mwalimu wake kazi ya nyumbani.

"Chumba chenu ni cha chini, mkono wa kulia ukiingia. Kitandani hadi mlangoni, hatua saba. Mlangoni hadi chooni, nne, ukuta uko kushoto muda wote. Hakuna kizingiti. Ngazi za baraza ni tatu, zote za kimo kimoja, nimezipima. Kutoka ngazi ya mwisho hadi majini ni hatua arobaini na nne za mchanga, na kuna kamba ya kushika."

Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho. Jikoni, sufuria ya Dada iliacha kugongana na chochote.

"Hatua zako au zangu?" Mwalimu akauliza.

"Zangu."

"Una miguu mirefu wewe. Zidisha kwa moja na robo. Saba inakuwa ngapi?"

Baridi akakuna kichwa, akahesabu vidole chini ya karatasi. "Nane na robo tatu."

"Tisa," Mwalimu akasema. "Hakuna mtu anayepiga robo tatu ya hatua." Akaipapasa karatasi, akaitia mfukoni. "Sitaki kusikia kwamba umenunua samaki. Samaki ni juu yangu."

Jikoni kikaanguka kitu cha bati, na Dada akaanza kulia na kucheka kwa mpigo mmoja.

Wakaenda. Siku ya kwanza Mwalimu alijifungia ndani na mkewe, wakaizunguka nyumba mara tatu, wakinong'ona namba kama wezi. Siku ya pili alitoka mwenyewe, akashuka ngazi, akafuata kamba hadi maji yakamfika magotini, akasimama pale na suruali imekunjwa. Baridi alimtazama kutoka barazani bila kupumua. Mama Pacha akamuuma sikio: "Usimfuate. Usithubutu."

Siku ya tatu mchana, pacha mkubwa, aliyemzidi mwenzake kwa dakika kumi na hakuacha kumkumbusha, aliweka chini kipande chake cha mkate.

"Mwalimu, mbona kila ukichukua kikombe unaanza kukipapasa?"

Dada alifungua mdomo kusema lolote, lakini Mwalimu akainua kiganja.

"Kwa sababu sikioni," akasema. "Macho yangu yanaumwa. Moja limelala kabisa, na la pili linasinzia."

Wasichana wakatazamana. "Sasa ukinitazama mimi unaona nini?" mkubwa akauliza.

"Sogea. Naona pua. Pua nzuri."

"Na mimi?" mdogo akaleta kichwa.

"Wewe naona sikio. Halijaoshwa."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwashtua ndege kwenye paa. Baada ya hapo hakukuwa na siri ya kulinda. Wale wawili waligombea nani awe macho ya Mwalimu asubuhi na nani jioni, mpaka yeye mwenyewe akawapangia zamu, na kila mmoja akalipwa mshahara wa swali moja la hesabu. Walimsomea gazeti lililofungiwa samaki, pamoja na matangazo. Mama Pacha alikaa naye peke yake barazani saa nzima. Hakumpamba kwa maneno matamu: alimwambia kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kushikwa kwa yale matone anayonunuliwa na Dada duka la dawa, kila siku bila kuruka, na kwamba yeye mwenyewe atampeleka kliniki Jumatatu wakirudi.

"Na nikikutana na mwanafunzi wangu kwenye foleni?"

"Atakupisha mbele," Mama Pacha akasema. "Faida hiyo."

Mwalimu akakubali.

Asubuhi ya nne Dada hakuamka. Saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu. Kwa miaka mitatu alikuwa akitangulia kuamka kila siku, apange vikombe, asogeze viti, atazame kama jana yake kuna kilichosahauliwa njiani. Sasa alilala fofofo, na Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya mlango wa chumba, akimnyamazisha kila apitaye. Baridi alikohoa, akafukuzwa hadi nje.

Ilikuwa saa nne na nusu Dada alipotokea, nywele zimesimama, alama ya mto imejichora shavuni.

"Mbona hamkuniamsha? Amekunywa chai?"

"Amekunywa," pacha mkubwa akasema.

"Dawa je?"

"Tone moja kila jicho," mdogo akasema. "Mama alinionyesha."

"Na viatu vyake?"

"Anavyo miguuni."

Dada akasimama mlangoni akitafuta swali jingine. Aliwatazama wasichana, akamtazama mumewe kitini, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amesimama uani na kikombe mkononi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Hakulipata swali.

"Basi," akasema, "mimi narudi kulala."

Akarudi kweli, na mlango akaufunga.