Saa ya Kuitana

Mjukuu wangu Bénita hupiga gitaa, na hupiga vizuri. Nilimfundisha mwenyewe kusoma noti kabla hajajua kusuka nywele zake. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kukasirika aliponieleza kwamba katika kipindi chake cha redio hatapiga wimbo wowote. Wimbo, alisema, utatungwa na wasikilizaji.

Mpango wake ulikuwa huu. Mezani studioni angepanga simu kadhaa, zote zikiwa zimefunguliwa sauti mbele ya mikrofoni. Angeita mara moja, kama wachungaji wa Masisi walivyoitana jioni kutoka kilima hadi kilima, kisha angenyamaza. Redio nzima ingenyamaza pamoja naye, hadi msikilizaji mmoja apige simu na kujibu kwa mwito wa kwao. Gitaa lingefuata sauti za watu, kama ndama anavyomfuata mama yake. Wakati ule vita vilikuwa vimewashusha watu wa Masisi na Rutshuru hadi kwenye kambi zinazouzunguka mji wa Goma, na Bénita alitaka vilima vile visikike tena, hata kama wenyewe wanalala chini ya maturubai.

Nilimwambia kwamba kelele si muziki. Alinijibu kwa adabu kwamba nitasikia.

Mkurugenzi wa redio, bwana Donat, alikuwa amempa jaribio moja tu: Jumamosi, kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Watu wakipiga simu, kipindi kitakuwa chake kila juma. Wasipopiga, nafasi ile itarudi kwa matangazo ya biashara, na Bénita atarudi kupiga gitaa kwenye harusi za watu.

Jumamosi ile nilivaa koti na tai, nikaketi mbele ya redio, hapa kwetu, mtaa wa Mapendo. Mke wangu Julienne alikuwa akichambua maharagwe. Bénita alieleza utaratibu, akaita. Sauti yake ilikuwa safi, haikutetemeka. Kisha kimya.

Watu wa Goma, redio ikinyamaza, hufikiri kwanza kwamba vita vimeingia mjini. Jirani yetu Patricia alichungulia juu ya ukuta wa mawe ya volkano, akauliza kama kuna jambo. Nilimjibu kwamba hakuna jambo, ni sanaa.

Bénita akaita tena. Kimya. Tukamsikia Donat akikohoa, kisha akimwambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba angoje kidogo tu, halafu wataweka muziki.

Julienne akaacha maharagwe.

"Papa Ézéchiel, unangojea nini?"

Nikasema nangojea wasikilizaji.

"Wasikilizaji wanangojea mukubwa. Ni mutu gani wa Masisi atamujibu mutoto akiita wa kwanza? Wote wamekaa na simu mukononi, wanangojea muzee afungue. Na wewe unajua."

Nilijua. Kwenye kilima chetu kule Masisi, aliyefungua mwito wa jioni alikuwa mzee; kijana akitangulia, watu wa ng'ambo walinyamaza, wakidhani watoto wanacheza. Bénita alizaliwa Goma, ambako mtu humwita mwenzake kwa kugonga mlango. Lakini mimi niliongoza shule ya msingi miaka mingi, na sijawahi kupaza sauti mbele ya watu isipokuwa kuamuru mstari unyooke. Nilimwambia Julienne kwamba mtu wa cheo changu haiti ng'ombe kwa simu.

"Basi mutoto anyang'anywe kipindi, cheo kibakie," alisema, akarudia maharagwe yake.

Nikapiga simu. Redio ya ndani ikaanza kupiga mluzi kwa sababu simu ilikuwa karibu nayo, nikalazimika kutoka kwenda uani. Patricia alikuwa bado ukutani, sasa pamoja na watoto wake wote. Bénita alipokea.

"Hapa ni Ézéchiel, mkuu wa shule mstaafu, mkazi wa mtaa wa..."

"Babu, usijitambulishe. Ita."

Nikalegeza tai. Nikaita kama baba yangu alivyomwita Bihogo, ng'ombe wake mwekundu, ukungu ulipoanza kushuka: sauti ndefu inayopanda, inayokaa juu, kisha inakatika ghafla ili ng'ambo wapate nafasi. Sauti yangu ilipasuka njiani. Mbwa wa Patricia alikimbia.

Nikaibana simu sikioni. Halafu sauti ya mwanamke mzee ikajibu, ikiushusha mwito ule ule taratibu, kama unavyopaswa kujibiwa. Aliitwa Mukashyaka; alikuwa kambini Bulengo.

"Rudia, muzee," alisema. "Watoto wa hapa hawajasikia vizuri."

Nilirudia. Kabla sijamaliza, simu za Bénita zilikuwa zikilia zote pamoja. Waliita kutoka Mabanga, kutoka Birere katikati ya honi za pikipiki, kutoka kambini. Mwito ulipanda huku, ukashuka kule, na gitaa likatembea chini yao bila kumkanyaga mtu. Viateur, aliyekimbia Masisi na ng'ombe wachache, alisema kwamba ng'ombe hao wameacha majani na kuizunguka redio yake, na sasa yeye mwenyewe hana pa kupita. Kisha akaingia mfanyabiashara mmoja wa Mabanga.

"Mwalimu, ni Barthélemy. Uliniadhibu kwa kuita hivyo darasani."

"Na leo ningekuadhibu tena," nilimwambia. "Darasa ni darasa, kilima ni kilima. Ita."

Mji mzima ulimsikia akiita, na aliita vizuri.

Wakati wa taarifa ya habari ulipofika, nilimsikia Donat akikaribia mikrofoni. Nilijua atafunga. Badala yake aliomba radhi kwa wasikilizaji: habari zingojee kidogo, kuna mama anaita kutoka kambi ya Kanyaruchinya na hajajibiwa bado, na yeyote asiyepata nafasi leo, Bénita atakuwa hapa Jumamosi ijayo, na Jumamosi zote zitakazofuata. Katika miaka yote ya vita sikuwahi kusikia habari zikiambiwa zingojee.

Julienne alinitolea kiti. Nilikikataa, kwa kuwa mwito haujibiwi kwa kukaa, nikamjibu yule mama.